Sifuri ya Kituo cha Saba

Saa kumi alfajiri Welmince anagonga sufuria,
mara moja tu, asije akaamsha mbwa wa jirani.
Tuko watano: yeye kiongozi,
wanafunzi wawili wa chuo cha Manado,
daktari wa meno aliyejilipia nauli toka Surabaya,
na mimi, karani mstaafu wa posta,
niliyechukuliwa kwa ajili ya mwandiko wangu.

Tunatafuna sago ya kuchoma, kavu kama kigae,
kahawa ndiyo inayoilegeza.
Kisha Sahendaruman, mlima usiotosheka na miguu:
unataka magoti, unataka viganja,
na ruba wa Sangihe hawabishi hodi.

Kanuni ni chache. Kila mita mia mbili, utepe mwekundu mtini.
Simama. Nyamaza. Dakika kumi kwa saa.
Taja unachosikia, umbali wake, upande wake.
Usitaje kitu kwa kukitamani.

Kituo cha kwanza: ninga wawili, chozi mmoja,
"na yule kule juu," Welmince ananong'ona, "kama sindano."
Sisikii sindano.
Nasikia kijito. Nasikia pumzi za daktari.
Naandika: mmoja, juu, kwa sauti,
kama nilivyogonga mihuri miaka thelathini
juu ya barua za watu, nisijue zina kilio au harusi.
Asiyesikia la mkuu huvunjika guu;
asiyesikia la ndege
huandika la mwenzake.

Kituo cha tatu, sindano tena.
Ronal, yule mwanafunzi mrefu, amekwisha nibaini:
wenzangu wanatazama matawi,
mimi natazama midomo ya Welmince.

Tunapumzika kwenye jiwe lenye ukoga.
Anasimulia huku akichomoa ruba kifundoni:
alikuwa na miaka tisa, na manati, na shabaha.
Niu alipita, buluu tupu, akampiga.
"Nyama hana. Mkia nilimpa dada yangu
auweke ndani ya Biblia. Umo mpaka leo, kwenye Zaburi,
umepauka kidogo tu."
Hakuna aliyesema neno.
"Sasa nalipwa kumhesabu," akasema, akasimama.

Kituo cha saba ndipo tulipopaombea wote kimoyomoyo.
Mwaka jana hapa walihesabiwa watatu.
Dakika ya nne, daktari akanishika mkono:
"Buluu! Pale! Andika!"
Darubini tano zikageuka.
Kipande cha turubai la wachuma kungumanga
kimenaswa tawini, chatikiswa na upepo.
Dakika ya tano. Ya nane. Ya kumi.
"Labda tungengoja kidogo," akasema daktari,
na nauli yote ya Surabaya ilikuwa katika sauti ile.
"Sifuri," akasema Welmince.
Nikaiandika. Penseli ilikuwa imelowa,
ikabidi niipitishe mara mbili,
sifuri nene, nyeusi kuliko namba zote za ukurasa.

Ni wakati wa kushuka, baada ya kituo cha mwisho,
saa imekwisha fungwa, wenzangu wamezama kwenye kona,
nami nimeinama nafunga kamba ya kiatu.
Hakulia. Au alilia, kwangu ni mamoja.
Alitua mbele yangu kwenye kitawi kisichostahili uzito wake,
akatetemesha mkia, akameza mdudu,
akaondoka na ile buluu yote.
Sikupata hata kupumua.

Nje ya kituo hahesabiwi.
Nikageuza karatasi, upande usio na safu,
nikaandika jina, saa, kisha nikasita:
macho ya nani yamehakikisha? Je, sikutamani?

Jioni, kwenye taa ya mafuta, Welmince alipitia karatasi zangu
moja moja, mbele, nyuma.
Kidole chake kikasimama.
"Umbali hukujaza."
"Mita nane," nikasema, "hivi."
Akaichukua penseli sikioni mwangu.
"Sita," akasema, akaandika.